Ngoma Kubwa ya Mwende

Jumapili iliyopita nilikuwa Kawangware, nikakuta watoto wa kanisa wakipiga gwaride. Ngoma yao kubwa ilinigonga kifuani kabla sijawaona, na wivu wangu wa zamani ukaamka.

Utotoni, kikosi chetu cha gwaride cha Kibera kilikuwa na ngoma kubwa moja tu, na mpigaji alikuwa Mwende. Kabla ya kutoka, mwalimu aliipasha kwa moto wa makaratasi ili ngozi ikaze. Harufu ile ya ngozi na moshi ilinichoma roho, maana kangoma kangu hakuna aliyekapasha. Tulipoanza kuteremkia mtaa wa Silanga, mwalimu aliniweka mbele ya Mwende, kwa kuwa ngoma ilimzuia kuona miguu yake.

“Mwonyeshe mitaro,” aliniambia.

Nikaona nimefanywa mtumishi wake.

“Usinikimbie, bana,” Mwende alisema nyuma yangu. “Ama nikianguka utacheka?”

“Nitacheka mpaka tufike Kambi Muru.”

Hakuanguka. Siku hizi najua kwamba kikosi kizima kilikuwa kikifuata miguu yangu. Lakini pale Kawangware, mtoto aliyetangulia mbele ya ngoma alinipita nisimtazame. Macho yangu yalikuwa kwenye ngoma.