Rangi Nyekundu Kwenye Kucha Zangu

Tangu nilipovunja ungo, kila Jumamosi mama alinipaka rangi nyekundu kwenye kucha. Tulikaa mlangoni, ziwa likimetameta chini ya mji, naye akapuliza kidole kimoja kimoja kama anayepoza uji. Vishimo vidogo vilivyokuwa kwenye kucha zangu alisema vinaletwa na sabuni ya kufulia. Nilimwamini.

Miaka minne iliyopita vidole vilianza kukakamaa asubuhi. Cha kati, mkono wa kulia, kilivimba chote kama ndizi ndogo, nikashindwa kushika kalamu. Riwaya yangu ilibaki nusu. Nikatibiwa rumatizimu, yaani baridi yabisi, nikaombewa, mama akinisindikiza kila mahali.

Mwaka huu daktari mpya hapa Uvira alinieleza kwamba hakuna kipimo kimoja kinachokata shauri. Viungo vikivimba, yeye hukusanya alama. Zikitimia tatu, anautaja ugonjwa na kubadilisha dawa. Damu yangu haikuonyesha rumatizimu: hiyo moja. Kidole kilichovimba chote: mbili.

"Mu famille, iko mutu ngozi yake inatoka magamba?"

"Hakuna, dokta," mama akajibu kabla yangu.

"Basi tutoe verni, nione kucha."

"Eh, dokta, unamuposa? Kucha zake zinakuhusu nini?"

Daktari hakucheka. Alilowesha pamba, akafuta. Vishimo vikajitokeza, kana kwamba kucha zimechomwa sindano.

"Tatu," alisema. "Ni soriasi. Ni ugonjwa wa ngozi na kucha, lakini huingia mpaka kwenye viungo. Mara nyingi hutembea ndani ya ukoo." Akatoka kutafuta karatasi.

Nilimtazama mama: kucha nyekundu kama zangu, na kitambaa ambacho hakivui kichwani hata akilala.

"Weye pia?"

"Minye, na mama yangu," alinong'ona. "Kule kwetu Kiringye walisema iko bukoma. Ningesema, nani angekuoa?"

"Na kidole yangu, mama? Miaka ine ulikuwa unaona."

Alivuta mkoba mapajani, akaficha kucha zake chini yake.

Daktari aliporudi aliuliza tena, ili aandike kwenye faili. Nilimwachia mama nafasi. Alikaza kitambaa chake.

"Hakuna, dokta."

"Iko," nikasema. "Andika mama yangu. Andika na mama yake."

Mama alichukua mkoba, akatoka. Nilimsikia barazani akimwambia mlinzi, kwa sauti ya furaha, "Mutoto hana kitu. Ni fatigue tu."