Swali la Mama Magodoro

Mtaa mzima ulilala juu ya kazi ya mikono yake. Ungeingia nyumba yoyote pale, ya mpangaji au ya mwenye nyumba, godoro ulilolikuta kitandani alilishona yeye, au alilifumua na kulijaza upya, na ndiyo maana watu walilisahau jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Mama Magodoro. Chumba chake cha kazi kilikuwa kando ya barabara, mlango wazi tangu asubuhi, pamba zikiruka hewani na kutua kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye kikombe cha chai. Alikuwa na sindano ndefu, na ulimi wake haukuwa mfupi.

"Siri zenu zote ninazo," aliwaambia wateja. "Kila ndoa ya mtaa huu imepita kwangu ikiwa imebonyea katikati."

Wateja walicheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa msaidizi wake, binti waliyemwita Mcheshi. Huyo alicheka mpaka sindano ikamtoka mkononi, wakapoteza robo saa kuitafuta ndani ya pamba.

Mtoto Mama Magodoro alikuwa naye mmoja, wala hakumzaa. Dada yake mkubwa alifariki akaacha mtoto wa kiume anayetambaa, naye akamchukua siku ileile ya mazishi. Mumewe alivumilia kwa muda, kisha akamwambia achague: yeye au mtoto wa watu.

"Huyu si wa watu," alimjibu, "huyu ni wangu." Akamsaidia mume kufunga begi.

Mtoto alikuwa amepewa jina la babu yake, mzazi wa wale dada wawili, kwa hiyo mama yake mdogo hakuweza kulitaja hivihivi tu. Alimwita Baba. Baba, njoo ule. Baba, nani kavunja hii? Naye Baba alikuwa na tabia moja ambayo majirani waliijua: hakuweza kumdanganya mama yake uso kwa uso. Angekimbia, angejificha uvunguni, angejifanya amelala fofofo. Lakini ukishamkamata ukamsimamisha mbele ya yule mama, ukweli ulimtoka wenyewe.

Magodoro yakamsomesha. Akawa msemaji tangu shuleni, kijana wa kubishana na walimu kwa adabu mpaka wao ndio wanaomba yaishe. Aliporudi mtaani na shahada yake akatangaza kugombea ubunge, Mama Magodoro alifunga chumba cha kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata akiwa na homa, akaingia nyumba kwa nyumba. Hakuhitaji kubisha hodi mara mbili.

"Nimemlea mwenyewe kwa mkono wangu," alisema kila alikokaribishwa kiti. "Mpeni. Akikosea, msimtafute yeye, njooni kwangu."

Wakampa. Siku ya matokeo alicheza barabarani mpaka kandambili ikakatika, akaendelea na mguu mmoja mtupu, huku Mcheshi akimshangilia kwa vigelegele.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mheshimiwa alikuja, alikunywa chai katikati ya pamba, alisikiliza. Kisha akawa anapita tu, na baadaye hata kupita hakupita, ikabaki picha yake kwenye mabango, anatabasamu.

Katika kipindi hicho ndipo wodi ya wazazi ya kituo chao cha afya ilipofungwa. Ilibandikwa karatasi mlangoni kwamba inafanyiwa ukarabati. Hakuna fundi aliyeonekana, si wa rangi wala wa bomba. Wakunga wakahamishiwa kwingine, kufuli likaota kutu, na mwanamke aliyeshikwa na uchungu ikabidi apelekwe hospitali kuu, upande wa pili wa mji, kwa gari atakalolipata.

Watu wakamuuliza mbunge wao: wodi itafunguliwa lini? Hakujibu. Wakauliza nani aliamua ifungwe. Kimya. Basi wakafanya walivyoelekezwa wakati wa kampeni, wakaenda kwa mama yake.

Mama Magodoro akapiga simu. Mara ya kwanza Baba alipokea, akasema, "Nalishughulikia, Mama, usijali." Zilizofuata zilipokewa na msaidizi wake, kijana mwenye simu mbili na sauti laini.

"Ujumbe umefika, mama."

"Mwanangu, ujumbe si mgeni hata nifurahi kwamba umefika. Jibu liko wapi?"

"Mheshimiwa yuko kikaoni."

Akaenda ofisini mwenyewe. Alikuta benchi limejaa watu, na ukutani ile picha ya tabasamu. Mzee mmoja akasogea kumpa nafasi, akamwambia, "Kaa, dada. Swali langu mimi limeshaota mvi hapa." Watu wakacheka. Walipogundua yeye ni nani, kicheko kikafa, wakaangalia sakafu, na aibu aliyoipata haikuwahi kumpata hata siku mumewe alipoondoka na begi. Alikaa mpaka ofisi ikafungwa. Mheshimiwa alikuwa ametokea mlango wa nyuma.

Wakati huo Mcheshi alikuwa mjamzito. Yeye na mumewe, fundi baiskeli wa pale kona, walikuwa wamesubiri mtoto kwa miaka mingi mpaka watu wameacha kuuliza. Tumbo lilipokuwa kubwa, alishona akiwa ameegemea ukuta, akilitania: "Tulia humo, hii pamba si yako."

Uchungu ulimshika mchana, akiwa kazini, mvua ikinyesha. Fundi baiskeli alikimbia kutafuta gari akalipata. Mama Magodoro alipanda nyuma, akampakata kichwa. Walipita mbele ya kituo cha afya, wodi ya wazazi ingali na kufuli lake, wakasonga. Daraja la katikati ya mji lilikuwa limejaa magari, hakuna linalokwenda mbele wala kurudi. Mcheshi alivuja damu humo ndani ya gari, wakiwa wamesimama. Aliuliza kama wamefika. Mama Magodoro akamwambia bado kidogo, mwanangu, bado kidogo. Hakuuliza tena. Walipofika, daktari aliwatoa nje, na alipowarudia hawakuhitaji kuambiwa. Mama na mtoto, wote.

Mheshimiwa hakuja kuzika. Alituma shada la maua lenye utepe ulioandikwa cheo chake.

Matanga yalipokwisha, fundi baiskeli alikuja akasimama mlangoni pa chumba cha kazi. Hakuingia. Hakuwa mtu wa maneno, na siku ile hakupandisha sauti.

"Mama, wewe ulisema akikosea tuje kwako. Nimekuja."

Alisema hivyo tu, akaondoka. Mama Magodoro alishika sindano akashindwa hata kuitunga uzi. Angemjibu nini? Angemlaani mwanawe? Angemtetea? Mchuma janga hula na wa kwao, lakini hapa aliyechuma alikuwa mbali, na waliokula walikuwa majirani.

Mkutano wa hadhara uliitishwa ukumbini, pale shule ya msingi, maana uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mlangoni alisimama yule kijana wa simu mbili akichuja wanaotaka kuuliza. Mama Magodoro alipomwambia lake, alitabasamu kwa huruma.

"Hili la familia, mama. Mtaongea nyumbani."

Akaingia akakaa katikati ya watu. Baba alihutubia vizuri, hilo hakuna aliyewahi kumnyima. Alieleza habari za stendi mpya ya mabasi, akawachekesha, akatoa leso akajifuta uso. Kwa mbali yule mama alimwona mtoto wake amenenepa mashavu na kuchoka macho, akawaza kwamba halali vizuri. Kisha akasimama bila kuitwa.

Mheshimiwa alimwona. Kwa nukta moja uso wake ulikuwa ule wa uvunguni. Halafu akapaza sauti kwa furaha: "Ndugu zangu, huyo ndiye mama yangu! Mpigieni makofi!"

Ukumbi ukapiga makofi. Yeye akasubiri yaishe.

"Ahsante," akasema. "Lakini leo sikuja kama mama yako. Nimekuja kama mpiga kura wa hapa. Wodi ya wazazi imefungwa. Watu hawa wamekuuliza, hukuwajibu. Nimekuuliza mimi, hukujibu. Binti niliyekuwa nashona naye amevuja damu mapajani mwangu, akafa. Nauliza tena."

"Mama, pole sana, sote tumeumia. Mchakato unaendelea. Haya mengine tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani huji."

Watu wakacheka, na kicheko kikakatika upesi. Kijana wa simu mbili alianza kumfuata kwenye safu ya viti. Wanawake waliokaa pembeni wakanyoosha miguu, akashindwa kupita.

"Baba," akasema, na jina hilo alikuwa hajapanga kulitumia, lilimponyoka. "Nitazame. Ulijua kwamba ile wodi haifanyiwi ukarabati wowote?"

Mheshimiwa alitazama karatasi zake. Alitazama dari. Mwisho alimtazama mama yake, na hapo ikawa kama zamani, alipokuwa akisimamishwa mbele yake.

"Nilijua," akasema.

"Nani aliamua?"

"Fungu lilihamishiwa stendi. Nilikubali mimi."

"Kwa nini, Baba?"

Alisogea mbali na kipaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hata waliosimama madirishani walisikia. "Stendi inaonekana, Mama."

Zogo lililofuata, viti vilivyoanguka, mayowe, fundi baiskeli aliyetoka nje ameshika kichwa kwa mikono miwili, hayo Mama Magodoro aliyaona kama mtu aliye ndani ya maji. Akakaa. Mwanamke wa nyuma akampiga begani akasema, "Umemweza!" Alitamani kumzaba kofi. Jukwaani mtoto wake alikuwa anatolewa kwa mlango wa nyuma, koti limeshikwa kola na mtu asiyemjua, na lililomjia akilini ni kwamba nje mvua inanyesha na hana mwavuli.

Chama hakikumpa nafasi tena. Alihamia mji mwingine na mkewe, akawa anafanya kazi kwenye kampuni ya rafiki yake. Hakuaga.

Mama Magodoro alimfuata. Alipanda basi alfajiri, akafika jioni, akapokewa na mkwe wake kwa heshima zote. Baba alitoka chumbani amevaa shati la nyumbani, akainama.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba."

Wakakaa. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake. Mkwe akaleta chai akawaachia sebule.

"Ungeniuliza tukiwa wawili," akasema Baba. "Ningekwambia yote."

"Nilikuja ofisini kwako. Ulitokea nyuma."

"Ungenisubiri, Mama. Mtu wa kunivua nguo mbele ya watu awe wewe? Wewe?"

Mama Magodoro alikuwa na majibu mengi ya kumpa. Kwamba Mcheshi naye alisubiri, kwenye daraja. Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu waje kwake, na walikuja. Lakini alimtazama, akamwona analia bila sauti, kama alivyolia alipokuwa mdogo ili asiambiwe anadeka. Akanyoosha mkono amguse kichwa. Baba alikiondoa kichwa. Si kwa nguvu, taratibu tu, kama mtu anayepisha mlango.

Asubuhi alipoamka kuaga, aliambiwa Baba ametoka mapema.

Wodi ilifunguliwa wakati wa mbunge aliyefuata, kwa hotuba na utepe. Mama Magodoro hakwenda. Wanawake wa mtaa wanajifungulia pale siku hizi, na mara mojamoja mmoja hupita chumba cha kazi na kichanga mgongoni kumsalimia, akasema, "Mama, ahsante kwa lile." Yeye humpokea mtoto, humpuliza pamba zilizomtua usoni, humrudisha. Fundi baiskeli humletea maji asubuhi, humwekea ndoo pale mlangoni. Siku moja alimuuliza kama anajuta. Mama Magodoro akautoa uzi mdomoni.

"Kila siku," akasema. "Lakini usiniulize kama ningekaa kimya, maana nisingekaa."

Mkwe wake ana adabu, hupiga simu kila mwisho wa wiki kumjulia hali. Huzungumza habari za afya, za bei, za mvua. Zikiisha, Mama Magodoro huanza nyingine: majirani wakoje, maji yanatoka, ile chai mliyonipa mnanunua wapi. Mkwe anajua sababu, kwa hiyo hana haraka. Kuna siku, nyuma ya sauti yake, husikika mlango unafunguliwa, na mwanamume anauliza ufunguo uko wapi, au anakohoa.

Hapo Mama Magodoro huibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama, upo?" mkwe huuliza.

"Nipo," husema. "Endelea tu, mwanangu. Nipo."