Siku ya Tano ya Kupima Mavi ya Nguruwe

Ukweni walijua kwamba naandika kwenye daftari la serikali. Hilo lilikuwa kweli. Nilichoandika ni uzito wa mavi ya nguruwe.

Kituo cha mifugo kilikuwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Kiseke. Bwana Mifugo, Mwingereza asiyecheka, alitaka kujua protini ya dagaa na ya mashudu ya pamba inabaki kiasi gani mwilini mwa nguruwe. Kwa hiyo nguruwe alifungiwa ndani ya kizimba chembamba asimoweza kugeuka. Nilipima kinachoingia mdomoni, nikapima kinachotoka nyuma, nikakausha, nikatia kwenye makopo kwa safari ya maabara. Siku tano, bila punje kupotea wala kuongezeka. Hesabu ikitoka safi, ningeandikwa kazi ya kudumu na kupewa nyumba ya bati. Niliitaka nyumba ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Siku ya tano, mwenzangu wa kazi alikwenda ziwani kuchota maji. Nilikuwa nakung'uta sinia nilipomwona mama mkwe akija kwa njia ya mkato, kikapu kichwani, anakwenda kumwona binti yake. Kwetu Usukumani mtu haonani uso kwa uso na mama mkwe, wala hamsemeshi. Nikaruka nyuma ya magunia ya dagaa.

Nguruwe akapiga kelele. Mama akasimama, akamtazama vizuri.

"Maskini, mnyama wa watu," akasema. "Nani kakufunga hivi na njaa?"

Nikakohoa, kama inavyopasa, ili ajue kuna mkwe karibu na apite. Akamwambia nguruwe pole kwa kikohozi. Kisha akatua kikapu, akamwagia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mikono miwili, halafu mingine miwili. Nguruwe alikula kwa shukrani kubwa. Mimi nililia, tena machozi kabisa, huku nimeziba mdomo.

Ningeweza kuficha, lakini mizani ingenisema kabla ya jua kuzama. Nikamweleza Bwana Mifugo.

"Kwa nini hukumzuia?"

"Ni mama mkwe wangu, bwana."

"Huna ulimi?"

"Ninao."

Alifuta kurasa zote za siku tano kwa mstari mmoja mnyoofu, akaniambia nirudishe mizani na ufunguo wa stoo.

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa jikoni, nami nikaketi nje, ukuta katikati yetu. Mke wangu akatoka na ujumbe wake. Mama anasema, kwa kuwa wewe ni mtu wa serikali, uwaambie wakubwa kwamba pale ufukweni kuna nguruwe anateswa, na mlishaji wake ni mzembe, afukuzwe.

Nikamtuma amjibu mama kwamba wakubwa wamesikia, na mtu huyo ameshaondolewa leo.

Mama akashukuru.