Niligoma Kurudisha Mpira

Siku hiyo uwanja mzima ulinizomea mimi. Mechi ilisimama, wachezaji wakashika viuno, na mpira niliushika mimi, mwanamke ambaye hata hakujua nani anaongoza.

Sikuutoa.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi viatu. Ndiyo, mwanamke. Kama unataka kucheka, cheka sasa tumalizane. Miaka kumi na tisa niko kwenye kibanda changu, na wanaonicheka wanatembea na viatu nilivyowashonea.

Binti yangu ni mrushaji wa kriketi. Anakimbia, anazungusha mkono, anamrushia mpira mwenye gongo. Zaidi ya hapo nilikuwa sijui kitu. Sikuwahi kwenda uwanjani, maana Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Lakini ile ilikuwa fainali, na wachaguzi wa timu ya taifa walikuja kumtazama yeye.

"Mama, ukikosa leo sitakusamehe," aliniambia.

Nikafunga kibanda. Wateja wakome.

Jamani, mtoto alikuwa moto! Mpira ukimtoka mkononi unakwenda, unakwenda, halafu unakata kona. Wenye magongo wanatoka mmoja mmoja, vichwa chini. Mimi nashangilia tu, hata pasipostahili.

"Mama, hapo wanakunywa maji," jirani yangu wa kiti akaniambia.

"Wanywe, nao ni watu," nikamjibu, nikaendelea kupiga makofi.

Mara mwenye gongo mmoja akaupiga mpira kwa hasira. Ukapaa, ukavuka kamba ya ukingo wa uwanja, ukaja jukwaani, ukatua puu kwenye mkoba wangu.

"Rusha! Rusha!" watu wakapiga kelele.

Nikaushika. Kumbe ni ngozi! Vipande vya ngozi vimeshonwa katikati kwa uzi mnene, kazi safi kabisa. Nikapitisha kidole kwenye mshono, mazoea tu ya kazi.

Nikaganda. Upande mmoja uzi ulikuwa umenyanyuka. Na si kuchakaa. Uzi ukichakaa hulala, hutoa manyoya. Huu ulikuwa umeinuliwa kwa ncha, shono baada ya shono.

Damu ikanichemka. Wale wenye magongo! Si ndio waliokuwa wakiupiga? Nikajua mpira ni wao, wameuharibu ili wamkomoe mwanangu.

"Siurudishi!" nikapaza sauti. "Huu mpira umechokonolewa! Mwamuzi aje hapa!"

Weee! Uwanja ukalipuka. "Kaa chini!" "Mtoeni huyo mama!" Mlinzi akanishika mkono. Nikamtazama. Akauachia.

Mwamuzi akaja mpaka kwenye kamba, nikashuka kumfuata.

"Mama, unaijua kriketi?"

"Kriketi siijui. Ngozi naijua."

Nikamwonyesha. Akaugeuza juani, akakunja uso. "Unamshtaki nani?"

"Hao wenye magongo. Wanamkomoa binti yangu, yule mrushaji. Mpira si wao?"

"Hapana, mama," akasema taratibu. "Mpira hukaa mikononi mwa timu inayorusha, na uzi ukiinuliwa ndipo mpira hukata kona zaidi. Ni timu ya kina binti yako."

Nikauomba tena mpira. Sasa ndipo nikaona kile ambacho hasira ilinificha. Ncha iliingizwa kwa kulazwa kushoto, uzi ukainuliwa bila kukatika. Hivyo ndivyo ninavyofumua kiatu mimi. Duniani nimemfundisha mtu mmoja tu.

Kocha wetu akafika mbio, anamchekea mwamuzi huku ananibana kiwiko.

"Mama Viatu," akaninong'oneza, "sema umekosea. Sema mpira umegonga sementi. Wachaguzi wale pale. Unataka kumzika mwanao kwa mdomo wako?"

Sitadanganya, neno lilifika kwenye ulimi. Nani hampendi mwanawe? Ningelisema, tungerudi nyumbani na kombe.

Lakini mimi mteja akiniletea kiatu kisichopona, namwambia hakiponi, hata akilia. Ndiyo maana wanarudi kwangu. Nikamtazama binti yangu. Akaficha nyuma mkono wenye plasta kidoleni.

"Sijakosea," nikasema, na jukwaa likasikia. "Mwanangu, njoo. Toa hiyo plasta kidoleni."

"Mama, tafadhali..."

"Toa."

Akatoa, machozi yanamtiririka. Chini ya plasta kulikuwa na kipande cha ncha ya sindano. Sindano yangu.

Akatolewa mchezoni, na baadaye akafungiwa miezi sita. Wapinzani wakapewa mikimbio mitano, yaani alama tano za bure, mpira ukabadilishwa, tukafungwa. Wachaguzi wakafunga madaftari yao. Mashabiki wetu wakaniita msaliti, nami nikapita katikati yao kichwa juu, japo moyo ulikuwa unalia.

Nyumbani alinilipukia. "Umenimaliza! Mama gani anafanya hivi?"

"Mama yako," nikamwambia. "Una mkono wa dhahabu, unautia aibu kwa kipande cha chuma. Ungefika taifa wangekukamata huko, mbele ya dunia nzima, na mimi sipo."

Siku kumi na moja hakunisalimia. Iliniuma sana. Siku ya kumi na mbili nikasikia mpira unagonga ukuta nyuma ya kibanda. Alikuwa peke yake, vidole vitupu. Anarusha, anaokota, anarusha. Nilishona, yeye akarusha, mpaka jua likazama.

Mpaka leo wapo wanaoniambia mzazi mwema humfichia mwanawe. Nawajibu hivi: ukimfichia mtoto, unamfundisha kujificha, na ipo siku atajificha hata kwako. Asiyeridhika na aje kibandani tubishane, nipo kila siku.

Miezi sita ya adhabu ilipoisha, alirudi uwanjani. Nikafunga kibanda tena. Kocha akanikuta mlangoni pa uwanja, uso umemkunjamana.

"Mama Viatu, leo umekuja kutazama au kukagua?"

"Vyote viwili," nikamwambia. "Nipishe."