Mikungu ya Wifi Yangu

Gari la ndizi lilikuwa likisimama kwangu. Naanza na hilo kwa sababu watoto wanaokua sasa hapa Nyabiyonza wanadhani tangu dunia iumbwe limekuwa likisimama kwa wifi yangu, na hakuna anayewasahihisha. Lilikuwa likisimama kwangu, mbele ya jiko, mahali ambapo mume wangu alikata mibuni miwili ili Fuso ipate pa kugeuzia. Mibuni haikurudi. Siku hizi pale naanikia maharage.

Wakati huo mpango wote wa ndizi za upande wetu ulikuwa simu yangu ya kitochi na mdomo wangu. Dereva alinipigia akiwa Omurushaka, au akiwa bado Kyaka akinidanganya kwamba yuko Omurushaka, nami nikatoka uani kutangaza. Watu wakakata mikungu, wakaileta kwa baiskeli na kwa vichwa, wakaipanga juu ya majani makavu. Siku nyingine gari lilikuja jioni ileile. Siku nyingine lilikuja ndizi zimeshaanza kuiva, na zilizoiva tukazikamua pombe ya rubisi, tukanywa hasira zetu wenyewe. Watu walinilaumu, ndiyo, lakini walinilaumu wakiwa wamekaa kwenye benchi langu. Mzee mzima, mwenye wajukuu, alivuka barabara kuja kuniuliza, "Mama, gari lini?" Mimi niliyeolewa kutoka Kyerwa, nisiye na ukoo hapa, nilimjibu nikiwa nimekaa.

Dereva akishuka nilimpa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, zile buni tunazochemsha na kukausha, kama anavyopewa mgeni yeyote wa heshima kwetu. Alitafuna huku akiniuliza njia. Daraja la kwenda Bweranyange linapitika? Kilima cha Kanoni kimekauka au bado kinateleza? Nilimwambia nilichokuwa nimesikia kwa wapita njia, naye akaniamini, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Wifi yangu ni mdogo wake mume wangu. Aliolewa Mwanza, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani, na kaka zake wakamkatia kipande cha kibanja cha baba yao, kile kinachopakana na changu. Kibanja ni migomba na mibuni, maharage chini yake na nyumba katikati. Ukimwona mtu wa huku hana kibanja, mwonee huruma. Nilimsaidia kupanda. Machipukizi mengi aliyopanda yalitoka kwenye migomba yangu, na hilo nalo halisemwi siku hizi. Alirudi na mabegi mawili na simu kubwa ya kioo. Kule Mwanza aliwahi kufanya kazi kwenye ghala la kampuni moja inayonunua ndizi, na kampuni ilipotaka mtu wa huku, ikamkumbuka yeye.

Kampuni haikutaka tena magari yazunguke vijijini kutafuta mzigo. Ilitaka kujua mapema. Kila wiki ilipoanza, wifi aliuliza kila nyumba ina mikungu mingapi ya kukata, akaiingiza kwenye simu. Huko Mwanza kompyuta ikajumlisha ya kwetu na ya Kanoni na ya Bweranyange na ya Kyerwa, ikatazama habari za mvua, ikachagua gari kubwa au dogo, ikalipangia njia na siku. Kituo cha kwetu kikawekwa kwa wifi, kwa kuwa simu ilikuwa kwa wifi. Gari lenyewe lilionekana kwenye kioo, kialama cha bluu kikijikokota. Wifi akisema liko Kyaka, basi kweli liko Kyaka. Ndizi zikakatwa asubuhi, mchana zikaondoka zikiwa mbichi. Sikatai kwamba ilikuwa nafuu, na zangu pia ziliondoka zikiwa mbichi. Nilizibeba mwenyewe hadi uani kwa wifi, nikasubiri zamu yangu kama watu wengine.

Nilimwonea wivu. Kuna watu hodari wa maneno wanaotofautisha wivu na kijicho. Mimi nilikuwa na vyote viwili, nikavipika sufuria moja kama ndizi na maharage. Si kwa ajili ya ile simu; simu huuzwa madukani. Ilikuwa kwa ajili ya wale wazee waliokuwa wakivuka barabara kuja kwangu, sasa wakipita mbele ya jiko langu bila kupunguza mwendo. "Mama, hujambo," wanasema, na miguu inaendelea. Mla ni mla leo, mla jana kala nini.

Dereva alikuwa yuleyule wa zamani. Mara ya kwanza alipopita na mpango mpya nilikuwa nimesimama uani, nimefunga kanga safi, kikapu cha kahawa kiko tayari. Akanipigia honi. Honi tu, na mkono mmoja dirishani. Mbele yake palibandikwa simu iliyomwelekeza pa kukata kona, kwa sauti ya mwanamke, sauti nzuri ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope la Kanoni. Nikamwonea wivu na huyo mwanamke. Fuso ikanipita, na nyuma yake palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu WENYE WIVU WAJINYONGE. Nikayasoma yote, maana gari lilikwenda polepole, lilikuwa linaingia kwa wifi.

Baada ya hapo nilihamisha kigoda changu. Zamani nilikuwa nikimenya ndizi nikiwa nimeelekea barabarani. Nikaanza kumenya nikiwa nimeelekea kibanja cha wifi. Mume wangu aliniuliza kulikoni, nikamwambia upande ule una kivuli. Alitazama jua, akatazama kigoda, akaenda zake shambani.

Kilichokuja kumkwamisha wifi ni neno moja, na neno lenyewe ni "kidogo".

Kwetu mtu hahesabu mikungu yake kwa sauti. Ukipita kwa mtu ukakuta migomba imeegemezwa miti kwa uzito wa mizigo, ukamsifu, atakwambia, "Tuna kidogo tu, waitu." Hiyo ni adabu, kama lilivyo hilo neno letu la heshima, waitu, na ni kinga pia, kwa sababu anayejisifia mali yake anaita macho ya watu. Mama yangu kule Kyerwa alikuwa akiulizwa watoto anasema ana wachache, na sisi tulitosha kwaya. Wifi alizaliwa humu humu, lakini alikaa sana Mwanza, na akauliza swali kama wanavyouliza Mwanza. Una mikungu mingapi? Kidogo tu. Mitatu? Hata haifiki. Akaingiza miwili, akaenda nyumba ya pili, nako akaambiwa kidogo tu. Wakati wa kiangazi mambo yalikwenda sawa, kwa kuwa zilikuwa kidogo kweli. Mvua zikanyesha vizuri, migomba ikazaa hadi tukakosa miti ya kuiegemeza, na watu bado wanasema kidogo. Kompyuta haikulelewa na mama. Iliamini.

Likaja gari dogo, Canter. Lilijaa kabla nusu ya watu hawajafika. Uani kwa wifi mikungu ilikuwa imelala hadi mlangoni, mingine imeegemezwa ukutani, na baiskeli bado zinapanda mlima.

"Lakini mlisema mna kidogo," wifi akawaambia.

"Ndiyo hii kidogo yenyewe," akajibu mzee mmoja, mkono wake uko juu ya rundo lililomzidi kimo.

Nilifurahi. Sitalizungusha hilo. Nilirudi nyumbani na mikungu yangu iliyokataliwa, nikapika, nikala nikashiba, nikamwambia mume wangu kwamba mashine haiwezi kumjua mtu. Alisema huyo ni dada yake. Nikamwambia najua ni dada yake, mboga hii haina chumvi?

Kesho yake benchi langu lilijaa. Wazee walirudi, na mimi nikawakaribisha kwa sauti ya mtu asiyeshangaa. Walitaka nimpigie dereva aje na gari kubwa kuokoa ndizi zilizokatwa. Nikatoa kitochi changu mbele yao wote, nikapiga.

"Shikamoo mama," dereva akasema.

"Marahaba mwanangu. Huku ndizi zinaharibika. Njoo na Fuso."

"Mama, siku hizi sijipeleki. Napangiwa. Wakinipangia Canter naendesha Canter, wakinipangia Kyerwa naenda Kyerwa." Akaongeza, "Lakini kahawa yako naikumbuka."

Wazee waliniangalia. Nikawaambia mtandao haukuwa mzuri, nitajaribu tena. Wakasubiri kwa heshima, kisha mmoja mmoja wakakumbuka shughuli zao. Bora dereva angenitukana kuliko kuikumbuka ile kahawa.

Ndizi zile ziliiva, tukakamua rubisi. Yakaja maneno kwamba kampuni inafikiria kukiondoa kituo cha kwetu na kukipeleka Kanoni, kwa sababu hesabu za Nyabiyonza haziaminiki. Kwenda Kanoni na mkungu kichwani ni adhabu. Nami nikatamani kiende. Nilitamani gari lisisimame kwa mtu yeyote kama halisimami kwangu, hata kama mgongo utakaovunjika ni wangu.

Wiki ilipoanza, nilimwona wifi akipita nyumba kwa nyumba na simu yake kama kawaida. Kwangu hakuingia. Jioni jirani yangu wa upande wa juu, yule mzee wa rundo, alikuja akicheka peke yake.

"Wifi yako kaniuliza habari za ndizi zako," akasema.

"Zangu?"

"Zangu hakuziuliza hata moja. Kasema, baba, jirani yako hapo chini atakata mikungu mingapi wiki hii? Nikamwambia."

"Ukamwambia mingapi?"

Akataja. Alikuwa amepatia. Nikakasirika, nikamuuliza ndizi zangu alizihesabu lini, naye akasema hakuzihesabu, anapita tu.

Ndivyo alivyofanya kila nyumba aliyoingia. Hakuna aliyeulizwa vyake. Kila mtu aliulizwa vya mwenzake, na kila mtu akajibu bila kufikiri, maana hakuna adabu inayomkataza mtu kusema jirani ana vingi. Wengine walitaja hadi mikungu ambayo mwenyewe alikusudia kuificha kwa ajili ya harusi. Fuso ikaja, ikajaa, uani hakukubaki kitu. Habari za Kanoni zikafa. Niliposikia honi inapita nilikuwa jikoni, na nikabaki humohumo jikoni.

Wiki iliyofuata wifi alikuja kwangu. Ilikuwa asubuhi, niko kwenye kigoda namenya, na kwa bahati mbaya nimeelekea kulekule kwake.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Karibu."

Akakaa kwenye benchi la wazee. Tukaulizana habari za watoto, za kikohozi cha mama mkwe wangu, ambaye ni mama yake. Simu ilikuwa mapajani, haijawashwa. Nikajua kuna jambo, kwa kuwa mume wangu anavyoyazungusha maneno ndivyo na yeye anavyoyazungusha. Wamezaliwa tumbo moja.

"Kimebaki kibanja kimoja sina wa kuniambia hesabu yake," akasema.

"Cha nani?"

"Changu. Simu inataka na zangu. Nikijiuliza mwenyewe, najikuta nasema kidogo." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Juu yangu ni barabara, chini yangu ni bonde. Jirani ninaye wewe tu."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ngoja nikachungulie, nikanyanyuka, nikazunguka kidogo kwa heshima, nikarudi. Badala yake nikafungua mdomo na hesabu ikatoka yenyewe, kisu hakikusimama. Nikamwambia minne iko karibu na shimo la mbolea. Miwili iko mpakani, lakini mmoja wake umepigwa na upepo, asiukate wiki hii. Mmoja uko chini ya parachichi. Na ule mkubwa kuliko yote uko nyuma ya banda la mbuzi.

"Nyuma ya banda la mbuzi hakuna mkungu," akasema.

"Upo. Majani makavu yameufunika. Mgomba wake ulitoa ua tulipokuwa tunapalilia maharage."

Akanitazama. Akaweka simu kwenye benchi, akavuka mpaka. Nilimsikia akipita kwenye majani, nikasikia mbuzi akilia, kisha sikusikia kitu. Nilikuwa nimeshamaliza ndizi za sufuria nzima lakini niliendelea kumenya.

Aliporudi alikuwa na kipande cha jani kavu kwenye nywele. Alisimama mbele yangu, upande ule ninaoutazamaga kila siku, na hakucheka, na hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini, "mimi mwenye kibanja nilikuwa sijauona."

Uso uliniwaka hadi masikioni. Akachukua simu, akaingiza hesabu yake kama nilivyoitaja, yote pamoja na ule wa nyuma ya banda, ila ule uliopigwa na upepo akauacha. Kisha akakaa tena, kama mgeni asiyeaga. Nikanyanyuka kumtafutia kahawa ya kutafuna, maana nilihitaji kumpa mgongo.