Taa Nyekundu ya Baba Mkwe

Jumanne ile Bupe aliporudi kutoka kazini, kitu cha kwanza alichokiona jikoni ni themosi ya uji. Ilikuwa mezani palepale alipoiacha asubuhi, na kikombe kimefunikwa kando yake. Aliinyanyua. Ilikuwa nzito vilevile. Sahani ya ndizi za maharage nayo haikuguswa. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu alasiri.

Baba mkwe wake alikuwa na kisukari. Kila asubuhi alimeza dawa zake chumbani mara tu baada ya kuamka, kisha akatoka kunywa uji. Tangu afike College Park, Marekani, kutoka Rungwe, miezi miwili sasa, hakuwahi kuuacha uji huo hata siku moja.

Mtu mwingine angegonga mlango na kuuliza kulikoni. Bupe alisimama tu na themosi mkononi.

Alizaliwa Tukuyu miaka arobaini na minne iliyopita, akasoma mpaka kidato cha nne, akaolewa na Gwakisa, akamfuata Marekani. Gwakisa anaendesha basi dogo la hoteli huko Arlington. Yeye anafanya usafi katika maabara za chuo kikuu, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwao. Ni Wanyakyusa wote wawili, na kwa jinsi Bupe alivyolelewa, mwanamke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Si chuki, ni heshima. Nyumbani heshima hiyo ilikuwa na nafasi ya kutosha: nyumba mbili, njia mbili, migomba katikati. Hapa palikuwa na vyumba viwili, choo kimoja, na korido ya hatua nane.

Siku za mwanzo mzee alikuwa akigonga fimbo sakafuni kabla ya kutoka, naye Bupe akajifungia chumbani. Lakini masikio ya mzee yalikuwa mazito. Hakuweza kujua Bupe anapita saa ngapi. Siku ya nne wakakutana ana kwa ana koridoni, Bupe amebeba kapu la nguo. Mzee alivuta kofia ikamfunika macho, akageukia ukuta, akabaki hivyo mpaka alipohisi mtikisiko wa mlango kufungwa. Jioni hiyo hakula.

Ndipo Bupe alipozikumbuka bodi zake za elektroniki. Wafanyakazi wa chuo waliruhusiwa kusoma jioni bila ada, na yeye alikuwa amesoma elektroniki muhula mmoja, akaokota na bodi kadhaa ambazo wanafunzi walizitupa. Bodi yenyewe ni ndogo kama kiberiti. Unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, unaipa mtandao wa nyumbani, na simu inaanza kuitambua kama kifaa cha nyumba. Simu ilimtolea orodha achague kifaa chake ni kitu gani: taa, feni, pazia, kufuli, soketi. Mkwe hakuwamo. Bupe akachagua taa.

Alifunga kijicho cha kuhisi mtu jikoni na kingine koridoni. Juu ya mlango wa mzee, kwa ndani, akaweka balbu ndogo. Bupe akiwa jikoni au koridoni, balbu inakuwa nyekundu. Akiondoka, kijani. Nyingine aliiweka jikoni, ya kumwonya Bupe kila mzee anapokanyaga mkeka wa mlangoni pake.

Gwakisa alimweleza baba yake kwa sauti kubwa, mara tatu. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mwambie mwenzio," alisema, "amenichongea njia yangu mwenyewe humu ndani."

Nkatha, Mmeru wa Kenya anayesafisha maabara pamoja na Bupe, alicheka kuliko mzee.

"Ati umemwekea mkwe traffic lights? Woi, Bupe! Kwani akikuona utayeyuka?"

"Si mimi. Ni yeye anayeumia."

"Na hiyo kitu ikikwama?"

"Haikwami. Nimeipima wiki nzima."

Na kweli alikuwa ameipima. Aliichomoa na kuichomeka, akapita mbele ya vijicho akitembea, akikimbia, akiinama. Kitu ambacho hakukichomoa hata mara moja ni kisanduku cha intaneti.

Sasa, akiwa bado amesimama na themosi, aliifungua simu. Chini ya taa ya mzee palikuwa na maandishi madogo ya kijivu: haipatikani tangu saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi. Saa hiyo alikuwa hapahapa akimimina uji. Alikumbuka pia kwamba kisanduku cha intaneti kilizimika kikawaka tena, kama kilivyozoea. Kisanduku kilirudi. Bodi haikurudi, kwa sababu yeye mwenyewe aliiagiza itafute mtandao mara moja tu, inapowashwa. Ikabaki imeshika amri ya mwisho iliyopewa.

Nyekundu.

Karibu saa nane nzima mzee alikuwa akingoja mkwe wake atoke jikoni.

Simu ya mzee ilikuwa sebuleni, kwenye chaji, na Gwakisa alikuwa amempigia mara tatu bila kupokelewa. Bupe akampigia Gwakisa. Yuko barabarani, hapokei. Akampigia Nkatha.

"Ingia," Nkatha alisema.

"Siwezi."

"Bupe, huyo saa hii ni mgonjwa, si mkwe. Amemeza dawa na hajakula since morning? Sukari imeshuka hiyo! Mpe kitu tamu, halafu piga 911. Haraka!"

Alikoroga vijiko vinne vya sukari kwenye kikombe cha maji, vingine vikamwagika mezani. Akajitanda kanga mpaka machoni. Akaufungua mlango, akaingia kinyumenyume. Alipiga hatua tatu hivyo, akasimama, akasikia nyuma yake pumzi fupifupi. Ndipo akageuka.

Mzee alikuwa kwenye kiti, ameelekea taa, amevaa koti na kofia, fimbo katikati ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Shati lilikuwa limelowa jasho. Pembeni, ndoo ya takataka ilikuwa imefunikwa vizuri kwa gazeti. Bupe alielewa kwa nini, akatamani asingeelewa.

Mzee alipomwona aliinua mkono kuitafuta kofia yake, lakini mkono haukufika. Akageuzia uso ukutani.

"Baba, kunywa."

Alitikisa kichwa.

"Kunywa, baba. Nakuomba."

Akamshika kisogo, akakiweka kikombe mdomoni mwake. Nusu ilimwagikia kifuani, nusu ikashuka. Bupe alipiga 911 kwa mkono mmoja, wa pili bado umekishika kichwa cha mzee, kichwa chepesi kuliko alivyodhani.

Pumzi za mzee zilianza kurefuka.

"Mkwe," mzee alisema, akiutazama ukuta. Hakuwahi kumwita kabla ya hapo. "Taa ilikuwa nyekundu. Nikasema, leo ana kazi nyingi."

Bupe alimfuta kifua kwa ncha ya kanga.

Watu wa gari la wagonjwa walifika wawili. Mmoja, kijana mwenye jina Wayne kifuani, aliuliza mgonjwa anaitwa nani. Bupe alifungua mdomo. Kijana akarudia swali polepole, akidhani hajui Kiingereza. Bupe akaliendea sanduku la mzee, akatoa pasipoti, akaweka kidole kwenye jina.

"Ambakisye!" Wayne aliita sikioni mwa mzee, akilivunja jina vipandevipande. "Ambakisye, unanisikia?"

Bupe alitazama sakafu mpaka alipomaliza.

Gwakisa aliwakuta hospitali, bado amevaa sare ya hoteli.

"Nani alimnywesha?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Ulitaka nimnyweshe kwa kitu gani, Gwakisa? Kwa waifai?"

Gwakisa aliketi. Alijikuna shingo muda mrefu. "Wewe na vidude vyako," alisema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Nilimpigia mara tatu. Nikasema amelala."

Mzee alilazwa siku mbili. Kabla hajarudi, Bupe aling'oa bodi zote akazitia kwenye boksi la viatu, na boksi akalisukuma chini ya kitanda. Hakutaka kuziona. Jioni ile mzee aliporudi, Gwakisa alitoka chumbani kwa baba yake amekunja uso.

"Anauliza taa yake iko wapi."

"Mwambie nimeing'oa."

Akaingia, akatoka tena. "Anasema uirudishe. Anasema hana njia nyingine."

Bupe aliomba ruhusa kazini siku mbili, akaandika maagizo upya. Bodi itafute mtandao kila inapoupoteza. Na taa isiposikia neno lolote kwa dakika moja, iende kijani. Isipojua, ifungue njia. Safari hii alikichomoa kisanduku cha intaneti mara kumi na moja, akiwa amepiga magoti koridoni, mzee yuko sebuleni na mwanawe. Mara zote kumi na moja taa ilifanya alivyoiandikia.

Haikumpa usingizi. Kazini sasa anaifungua simu kila baada ya maabara moja, anaitazama taa, anaifunga, anaifungua tena. Nkatha ameacha kumtania.

Na mzee naye ana lake. Asubuhi ya kwanza baada ya taa kurudi, Bupe akiwa anakoroga uji, alisikia bawaba. Mlango wa mzee ulifunguka kiasi cha kiganja, ukaishia hapo. Kwenye uwazi ule ilionekana ncha ya fimbo, imelazwa juu ya mkeka. Gwakisa alitaka kuufunga, akisema kiyoyozi kitamuumiza baba yake mgongo. Mzee alikataa, na hakusema sababu.

Mlango unabaki hivyo kutwa, taa iwe kijani au nyekundu. Bupe anapotaka kupita hujitanda kanga, anageuza uso upande wa pili, na akifika usawa wa ule uwazi anapunguza mwendo, akitega sikio. Akiisikia pumzi, anamalizia hatua zake.