Maziwa Yangu Mbele ya Gredi ya Nane

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi nilipofungua mtungi wangu wa maziwa mbele ya wazazi wenzangu wa shule yetu hapa Karurumo, na mpaka leo nikiikumbuka saa hiyo naona aibu hata nikiwa peke yangu.

Wazo lenyewe lilikuwa langu. Mtaala mpya unataka wanafunzi wafanye kazi ya kuifaa jamii, na badala ya kuokota takataka tu (walishaziokota hadi zikaisha), niliomba Gredi ya Nane watupimie maziwa kila asubuhi kabla ya gari la ushirika kufika, maana gari likikuta maji kwenye mtungi wa mmoja lilikuwa linakataa ya kituo kizima. Laktomita, kile kipimo cha kuonyesha kama maziwa yametiwa maji, nilijifunza mwenyewe kitabuni. Siku ya kuanza nikahutubia, nikawasema sana wanaotia maji, kisha nikaamua, bila kuombwa na mtu, kwamba yangu yapimwe kwanza yawe mfano.

Wawira, msichana mwenye sauti ndogo, akatumbukiza kipimo. Maziwa safi huanzia ishirini na sita. Kipimo kikazama hadi ishirini na mbili. Akarudia. Ishirini na mbili.

"Baba Muriithi," akaniuliza jirani yangu Mama Mukami, "huyo ng'ombe wako jana alinyeshewa?"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu, akitaka kuniokoa, akasema pengine kifaa ni kibovu. (Ningekubali tu, kazi yote ingefia hapo na mtoto angeonekana hajui kupima.) Wawira akapima maziwa ya Mama Mukami, kisha akanigeukia.

"Mzee, kifaa ni kizima. Hapa kimesoma thelathini."

Ndipo nikakumbuka. Kila asubuhi mimi husuuza ndoo, chujio na jagi, na yale maji meupe, zaidi ya lita moja, huyamimina mtungini jinsi mama yangu alivyofanya ili tone lisipotee, na miaka yote hiyo sikuwahi kuyaita maji. Nikaeleza hivyo jasho likinitoka, nikasema mtoto amepima sawa. Hakuna aliyecheka tena. Wazee wawili walichungulia mitungi yao, wakaibeba taratibu kurudi nyumbani.

Siku hizi maji ya kusuuzia nampa ndama, na sitajitolea tena kuwa mfano wa chochote. Gari lilichukua maziwa yote yaliyopimwa yakafaa. Yangu, lita saba kwa shilingi hamsini, yalibaki: hasara, shilingi mia tatu na hamsini.